Kati ya Geti na Mlango

Getini nilikuwa na kumi na mbili.
Niliipanga tangu kituo cha tramu,
nikahesabu vioo: sita mbele, vinne ubavuni,
na kile kidogo cha choo chenye ukungu wa kudumu.
Pauni kumi na mbili. Niliitamka kwa sauti,
shakwe akanitazama kama mtu wa kodi.

Hatua ya tatu ikawa kumi na moja,
maana mapazia yalikuwa yamefifia.
Kwenye zulia la mlangoni, kumi.
Bi Ogden akafungua, sindano za kufumia kwapani,
na mdomo huu, niliouamsha na kuulisha mwenyewe,
ukasema: "Nane. Ila tunaweza kuongea."
Hakuna aliyeomba tuongee.

Fleetwood ni mji wa chumvi.
Upepo hupaka vioo usiku kucha wala haudai ujira,
kwa hiyo kazi haiishi,
na sisi wenye ndoo hatuishi pia.
Kuna ndugu wawili, akina Bamber, wana gari lenye tangi
na mpini mrefu unaofika ghorofa ya tatu;
hawagusi ngazi, hawagusi kioo, hawagusi salamu.
Kumi na tano, kwa kadi tu.
Na kuna mzee Entwistle,
baiskeli, ngazi begani, ngozi ya kufutia shingoni,
nne.
Nne tangu mkate ulipokuwa nusu pauni.
Nikibisha hodi, mtaa mzima hunijibu kwa namba yake.

Nilimchukia kwa hesabu kamili:
petroli, sabuni, bima,
mpira wa kufutia unaolika kila mwezi,
goti la kushoto ambalo halimo katika daftari lolote.
Nikigawa kwa saa, ilikuwa kama namlipa Bi Ogden
aniruhusu kumwoshea madirisha.
Rahisi huishia ghali, husemwa.
Hawakusema ghali kwa nani.

Novemba, nyonga ya Entwistle ilikataa ngazi.
Akaniita jikoni, aniuzie mzunguko wake,
nyumba themanini na moja
ndani ya daftari lililobanwa kwa utepe wa mpira.
Akataja bei.
Kisha akanyamaza, akaangalia birika.
Birika lilichemka, likazima, likapoa.
Nikasema sawa.

Usiku nikalisoma.
*Namba 9: nne. Mjane. Usipige mluzi.*
*Namba 14: nne, na chai, na gazeti la jana.*
*Namba 30, daktari wa meno: ishirini na sita. Halalamiki.*
*Namba 31: ishirini na sita. Kaniambia nimtoze kama 30.*
*Ogden: nne. Alimfumia mjukuu sweta, mwaka ule wa theluji.*

Miaka sita
nilikuwa nashindana na sweta.

Nikampigia simu, saa nne usiku, nusu nikimlaumu.
Alikohoa kwanza.
"Sweta hilo ulilivaa wewe?"
"Hapana."
"Basi toza yako."

Jumanne, getini, kumi na mbili.
Hatua ya tatu, kumi na mbili; mapazia niliyaona, nikayapita.
Kwenye zulia niliibana kwa meno kama fundi anavyobana msumari.
Bi Ogden akafungua.
Nikaitema.
Akatazama ndoo, akatazama viatu vyangu,
na kile kimya kikaja, kirefu, chenye harufu ya keki,
nami nikajua nikikijaza
nitakijaza kwa sarafu zangu.
Nikaangalia kengele ya mlango kama vile ni birika.

"Na nyuma?" akauliza.
"Na nyuma."

Nyuma kuna kibanda cha maua,
kuta za vioo, paa la vioo,
vipande arobaini na vinane. Nilivihesabu nikiwa juu ya ngazi,
shakwe yule yule akivinyea
vile nilivyokwisha kumaliza.